Siku ya chanjo, paka naye afunuliwe mdomo

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona dogo, nalo ni meno ya paka. Kila ifikapo Septemba, tunapoelekea tarehe 28 ambayo huadhimishwa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, hutangaziwa mitaani kuwa wanyama wetu wapelekwe wakachanjwe, nasi hupanga foleni, wengine wakiwa na mbwa kwenye kamba, wengine na paka ndani ya kikapu, na wengine na paka ndani ya kiroba kilichotobolewa matundu ya kupumulia. Kwa paka wengi wa mitaa yetu hiyo ndiyo siku pekee katika mwaka, na pengine katika maisha yao yote, wanayoguswa na mtaalamu wa mifugo. Huchomwa sindano, kadi ikaandikwa, wakarudishwa kikapuni. Ombi langu ni kwamba kabla paka hajarudishwa humo, mtaalamu amfunue mdomo wa juu kwa sekunde chache, atazame fizi, kisha amwambie mwenye paka alichokiona.

Nina sababu ya kusema hivyo. Ninaye paka jike, mweusi tii, tuliyempa jina la Chausiku, ambaye sasa ana umri wa miaka 9. Mwaka juzi alianza vituko ambavyo nyumba nzima tuliviona na hakuna aliyevielewa. Akisikia kifuniko cha sufuria ya dagaa kikiinuliwa alikuja mbio kama kawaida yake, akafika kwenye sahani, akanusa, akadaka dagaa mmoja, akainamisha kichwa upande wa kulia na kutafuna mara mbili tatu. Ghafla akamwangusha, akafoka kana kwamba dagaa ndiye aliyemng'ata, akakimbilia uvunguni mwa kochi. Baadaye alirudi kimyakimya akaramba mchuzi na kuziacha nyama. Manyoya ya mgongoni, ambayo tangu utoto wake alikuwa akiyaramba mpaka yakang'aa, yakaanza kushikana mafungumafungu kama pamba iliyoloa. Mke wangu alisema Chausiku anadeka kwa kuwa tulimzoeza vibua. Mimi nilisema ni utu uzima. Kuhusu harufu ya kinywa sote tulikuwa na kauli moja, kwamba paka anayekula dagaa atanuka dagaa.

Tulikuwa tumekosea wote. Harufu ya samaki hukaa kidogo ikaondoka, lakini ile iliyokuwa kinywani mwa Chausiku ilikuwa harufu ya kitu kinachooza, na ilikuwapo alfajiri kabla hajaonja chochote. Nadhani hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa: tumeshaamua kwamba mdomo wa paka lazima unuke, kwa hiyo dalili ya kwanza na iliyo wazi kuliko zote inapita mbele ya pua zetu kila siku nasi hatuihesabu kuwa dalili.

Asubuhi moja nilikuta kwenye mkeka aliolalia doa la udenda lenye uzi wa damu. Nikatoka mbio hadi duka la dawa lililo karibu, na muuzaji, ambaye sina shaka alikuwa na nia njema, akanishauri nisage nusu kidonge cha parasetamoli nikitie kwenye mchuzi, kwa hoja kwamba kinachomtuliza mtu maumivu ya jino kitamtuliza na paka. Nilifanya hivyo. Nilikisaga kwa mgongo wa kijiko, nikakikoroga katika mchuzi wa vuguvugu, nikamwekea. Chausiku alinusa, akagusa kwa ncha ya ulimi, kinywa kikamuuma au uchungu wa dawa ukamkera, sijui, akageuka akaondoka. Mchuzi ule tuliumwaga kwenye shina la mgomba. Kesho yake daktari wa mifugo alipoisikia habari hiyo aliacha kuandika, akanitazama, akaniambia kwamba jino bovu lililomzuia kula ndilo lililomwokoa.

Jambo hilo nataka wasomaji walishike kuliko jingine lolote katika barua hii. Ini la binadamu lina vimeng'enya vya kuifunga parasetamoli na kuitoa mwilini bila madhara ikiwa imetumika kwa kipimo. Ini la paka limepungukiwa mno na vimeng'enya hivyo, kwa hiyo dawa hubaki mwilini na kugeuka sumu inayoziharibu chembe nyekundu za damu mpaka zikashindwa kubeba oksijeni. Damu hubadilika ikawa ya rangi ya kahawia, fizi zikapauka au zikawa na rangi ya matope, uso na miguu ya mbele huvimba, na mnyama huhema kama aliyekimbizwa. Kidonge kimoja cha miligramu 500, ambacho mtu mzima humeza viwili na kuendelea na shughuli zake, kinatosha kumuua paka, na nusu yake si salama hata kidogo. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki nazo zisiguswe bila amri ya daktari wa mifugo. Na kwa kuwa sisi watu wa Pwani tumelelewa tukiambiwa kwamba jino likiuma hutiwa mafuta ya karafuu, sina budi kuongeza kwamba mafuta hayo pia ni sumu kwa paka, kwani ini lake halimudu vitu vya aina hiyo. Ziko dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya paka, lakini hupimwa kwa uzito wake, na anayezipima ni daktari aliyemwona.

Nirudi kwenye chumba cha daktari. Chausiku alifungwa ndani ya taulo, kichwa peke yake kikabaki nje, na daktari hakumpanua kinywa kwa nguvu kama nilivyotazamia. Alichofanya ni kuweka kidole gumba pembeni mwa mdomo na kuunyanyua kuelekea juu, basi. Nikaona kile ambacho ningeweza kukiona nyumbani wakati wowote katika ule mwaka mzima: pale meno yanapotokea kwenye fizi pamezungukwa na mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, na juu ya gego kubwa la juu pamegandamana ukoga wa rangi ya kahawia, mgumu kama tabaka la chumvi linaloganda ndani ya birika. Gego la chini upande wa kushoto lilikuwa na alama nyingine, kidoa chekundu kama kwamba fizi imepanda ikaota juu ya jino. Daktari alikigusa kidoa kile kwa ncha ya pamba, mguso mwepesi tu, na taya lote la Chausiku likatetemeka. Hapo nikaelewa kwa nini alikuwa akiinamisha kichwa kulia.

Alinieleza kwamba ukoga na kidoa kile ni maradhi mawili tofauti, na kwamba watu wengi huyachanganya. Ukoga huanza kama utando laini wa vijidudu unaojijenga juu ya jino saa chache baada ya kulisafisha. Ukiachwa, madini yaliyomo katika mate huugandisha katika siku chache, na ukishaganda mswaki hauutoi tena. Chini yake fizi huvimba na kutoka damu. Katika hatua hiyo ugonjwa bado unarudi nyuma, kwani ukoga ukiondolewa na meno yakawekwa safi, fizi hupona. Ukipuuzwa, vijidudu huingia ndani ya mfuko ulio kati ya fizi na jino, wakaula mfupa unaolishika jino, na mfupa huo haurudi. Ugonjwa wa pili, ule wa kidoa, ni mwili wenyewe kulila jino, kuanzia kwenye mzizi au shingo ya jino, mpaka neva ikabaki wazi. Ni ugonjwa wa kawaida sana kwa paka waliokwisha kukomaa, chanzo chake wataalamu hawajakithibitisha, na jino lililofikia hapo halizibwi bali hung'olewa. Upo na wa tatu, ambao kinywa kizima huwaka wekundu hadi nyuma kwenye koo na paka akashindwa hata kupiga miayo. Paka wengi wa namna hiyo hupata nafuu kubwa wakishang'olewa meno yote au karibu yote, na kesi zao ni za daktari tangu siku ya kwanza.

Wapo watakaoshangaa paka anaumwaje meno ilhali hali peremende. Kwa kweli paka hana hata uwezo wa kuonja utamu wa sukari, na meno yake hayatoboki kama yetu. Kinywa chake kimeumbwa kwa kazi nyingine kabisa. Paka mzima ana meno 30, mawili pungufu ya yetu, na taya lake hupanda na kushuka bila kwenda pembeni, kwa hiyo magego yake hukata kama mkasi na wala hayasagi. Ndiyo sababu chakula kikavu cha dukani, ambacho muuzaji hutuambia kuwa husugua meno, aghalabu husaidia kidogo sana: punje huvunjika mara inapoguswa na ncha ya jino, au humezwa nzima. Vipo vyakula vilivyotengenezwa maalumu kwa ajili ya meno, vyenye punje kubwa ambazo jino huzama ndani yake kabla hazijavunjika, na hivyo vina faida, lakini huku kwetu kuvipata ni bahati. Mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo nayo tulikuwa tukiamini kuwa ni mswaki wa paka, huchanika ikawa na ncha kali, na si mara moja mfupa au mwiba wa samaki umekwama juu ya kaakaa, paka akashinda akijikwaruza uso kwa mguu wa mbele.

Daktari aliposema kwamba Chausiku lazima apewe nusu kaputi, nilisita, na nafikiri wengi watasita. Nilimwomba akwangue ukoga tu na kumng'oa jino kwa sindano ya ganzi. Alinijibu kwamba paka aliye macho hawezi kutulia huku chuma kikipita chini ya fizi, na kwamba uchafu unaodhuru ndio huo wa chini ya fizi. Kukwangua sehemu inayoonekana kunayafanya meno yapendeze machoni pa mwenye paka wakati ugonjwa unaendelea palepale ulipokuwa. Alimpima uzito, akamsikiliza moyo, akamchukua damu, ndipo akapanga siku. Kliniki ile haikuwa na mashine ya eksirei ya meno, ambayo huonyesha hali ya mizizi, na daktari alilisema hilo waziwazi kabla ya kuanza, jambo ambalo lilinizidishia imani naye. Magego matatu yalitolewa, mashimo yakashonwa kwa uzi unaoyeyuka wenyewe, na jioni nikamchukua Chausiku akiwa anayumba kama mlevi. Gharama haikufika bei ya mbuzi.

Wiki mbili alikula dagaa waliochemshwa na kupondwa mpaka wakawa uji. Alipopona alirudia sahani yake kwa fujo za zamani, na manyoya yakarudi kung'aa, maana kumbe alikuwa ameacha kujiramba kwa sababu ya kinywa na wala si kwa uzee. Majirani walimtania kuwa amekuwa kibogoyo. Nami niseme kwa faida ya wanaoogopa kung'olewa kwa meno ya paka wao: kibogoyo asiye na maumivu hula vizuri kuliko mwenye meno 30 yanayomuuma, kwani ulimi wa paka, ulio na miiba midogomidogo, hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kukusanya chakula.

Baada ya hapo ndipo nilipojifunza kumpigisha paka mswaki, kazi ambayo watoto wangu waliipiga picha na kunicheka, na ambayo si ngumu kama inavyosikika mradi isianzwe kwa pupa. Juma la kwanza sikushika mswaki hata kidogo. Kila baada ya chakula cha jioni nilimpakata mapajani, mgongo wake ukinielekea mimi, nikachovya kidole katika mchuzi wa dagaa usio na chumvi wala pilipili, nikamwacha arambe huku kidole cha mkono wa pili kikimpapasa shavu. Juma la pili kidole kiliingia chini ya mdomo, kikagusa chonge na kutoka. Baadaye nilizungushia kidole kipande cha shashi, nikasugua kidogo, na ilipopita kama miezi miwili akaukubali mswaki wa mtoto mchanga, ule wenye kichwa kidogo na nywele laini. Nausimamisha kwa mshazari, nywele zikielekea pale jino linapokutana na fizi, nasugua upande wa nje tu, kwa kuwa upande wa ndani ulimi wake huushughulikia. Nusu dakika kila upande inatosha. Siku asipotaka namwachia aende, maana paka akishaona kuwa paja lako ni mahali pa mateso hutamkamata tena.

Dawa ya meno yetu asipewe, kwa sababu paka hajui kutema na atameza floridi na povu. Ipo ya wanyama, yenye ladha ya kuku au samaki, lakini anayeikosa atumie maji matupu. Kinachoondoa utando ni nywele za mswaki. Chumvi, magadi, majivu na mkaa viachwe jikoni. Inafaa asuguliwe kila siku, kwa sababu ule utando hauchukui likizo, ingawa nakiri kuwa kwangu mimi hutokea siku moja moja zikaruka. Na paka ambaye fizi zake tayari ni nyekundu au zinatoka damu asianzishwe mswaki mpaka daktari amtazame, kwani tutakuwa tunasugua kidonda. Aliye na bahati ni mwenye mtoto wa paka. Meno ya utotoni hung'oka kati ya miezi mitatu na sita hivi, na ukikuta kijino kama punje ya mchele kwenye mkeka usishtuke. Yakishaota ya ukubwani ndio wakati mzuri wa kumzoeza.

Nitoe tahadhari moja kabla sijarudi kwenye ombi langu. Haya yote ni kwa paka wako unayemfahamu na ambaye amechanjwa. Paka wa mtaani anayetoka udenda, anayeshindwa kumeza, au ambaye tabia yake imebadilika ghafla, asifunuliwe mdomo na mtu yeyote asiye mtaalamu, maana kichaa cha mbwa nacho huanza kwa sura hiyohiyo na paka hukiambukiza kama mbwa. Atakayeng'atwa au kukwaruzwa na mnyama wa namna hiyo aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri kuona kama mnyama atakufa.

Kuhusu ombi lenyewe, najua nitajibiwa kwamba siku ya chanjo foleni ni ndefu, na kwamba paka hung'ata. Foleni naijua, nimesimama ndani yake. Lakini mtaalamu tayari anamshika yule paka ili amchome, na kunyanyua mdomo wa juu hakuchukui muda unaochukuliwa na kuandika jina la mmiliki kwenye kadi. Paka mkali asilazimishwe, aandikwe tu kuwa hakutazamika. Sioni pia kwamba utaalamu unakosekana, kwani madaktari wanaohitimu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro husomea wanyama wote, ingawa wakishafika wilayani kazi inayowasubiri ni ng'ombe, mbuzi na kuku, na paka hubaki kuwa mnyama ambaye hakuna anayemletea. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haikumbagua paka na ng'ombe katika suala la kuepushwa na maumivu. Ninachopendekeza ni mstari mmoja kwenye kadi ya chanjo, chini ya tarehe, ulioandikwa "fizi", na mbele yake neno moja: nzima, nyekundu, au aletwe kliniki.

Wauza dawa nao nawaomba, mteja akija kuuliza dawa ya paka anayeumwa jino, wamjibu kuwa hawana na wamwelekeze kwa daktari wa mifugo.

Chausiku nitampeleka tena mwaka huu, akiwa ndani ya kikapu kilekile. Iwapo hakuna atakayemfunua mdomo, nitamfunua mwenyewe pale mezani na kumwomba anayechoma sindano atupe jicho.

Wako msomaji,

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga.